Aliyeijenga Nyumba ya Balozi

"Nani aliyeijenga nyumba hii?"

Balozi wa Kiingereza aliuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya sebule, kofia mkononi, uso ameuinua anatazama dari. Mkalimani akalifasiri swali kwa sauti iliyosikika mpaka uani. Watu walikuwa zaidi ya arobaini: Liwali na wazee wake, maofisa wa meli, wapishi, wachukuzi, na nyuma kabisa, chini ya ngazi, wale ambao chokaa ilikuwa haijawatoka kwenye kucha.

Hakuna aliyejibu.

Basi nipeni masikio. Mwenye hamu ya kukatiza aivumilie kidogo, maana mwishoni kila mtu atapata zamu yake, na huenda asiitake.

Katika mji wa Ndaoni, zama za Liwali Nasoro bin Khalfan, walikuwako watu watatu ambao walikuwa mali yake. Neno "mali" ni la kwenye hati zake, msinitupie mimi.

Uledi alikuwa mwashi. Alikuwa akiligonga jiwe la matumbawe kwa ukucha, analitegea sikio, kisha anakwambia hili litabeba, hili litatusaliti. Songoro alikuwa seremala. Akiutazama mti uliosimama, anakuonyesha boriti iliyolala ndani yake, na upande gani itapinda ikikauka. Na Zafarani alikuwa mwimbishaji wa sakafu.

Hii ya Zafarani inahitaji maelezo. Dari za Ndaoni hupangwa boriti za mkoko, juu yake humwagwa mawe madogo na chokaa, halafu wanawake thelathini hukaa kwa mistari, kila mmoja na kigongo chake, wakaipiga ile chokaa siku tatu mfululizo mpaka ishikane iwe kitu kimoja. Huipiga kwa wimbo. Anayeimbisha ndiye anayeshika mapigo. Mapigo yakikatika, chokaa ya nyuma hukauka kabla ya ile ya mbele, pakabaki mshono, na hapo penye mshono ndipo mvua inapoingia. Sakafu za Zafarani hazikuwa na mshono.

Siku moja ikaja habari kwamba wajumbe wa Kiingereza watafika kuzungumza na Liwali juu ya kukomesha biashara ya watu. Liwali akataka kuwapokea kwa heshima, akaamuru wajengewe nyumba. Wajengewe na nani? Na watu aliowanunua. Kama mnataka kucheka, chekeni sasa. Watu wa Ndaoni hawakucheka.

Alitangulia ofisa mmoja wa meli, akaacha karatasi yenye mchoro. Sebule, mchoro ulisema, iwe na upana wa dhiraa kumi na mbili. Uledi na Songoro walitazamana. Mtoto yeyote wa Ndaoni anajua kwa nini vyumba vya mji ule ni vyembamba: boriti ya mkoko haizidi dhiraa sita. Lakini aliyechora hakuwa mtoto wa Ndaoni, na Liwali hakuwa tayari kumwambia mgeni kwamba kuna kitu hakiwezekani.

"Siku arobaini," Liwali akasema. "Na kila siku itakayozidi, mmoja wenu nitampeleka mashamba ya ng'ambo."

Siku ya arobaini nyumba ilikuwa imesimama, nyeupe, ndefu, na sebule yake pana kama uwanja. Ndipo balozi akaingia, akainua uso, akauliza swali lake.

Kwa nini hawakujibu? Kwanza, Liwali alikuwa amekwisha kuwaonya: mbele ya wageni hana ruhusa ya kusema mtu aliyenunuliwa. Pili, swali lenyewe lilikuwa bovu. Aliuliza "aliyeijenga." Nani pale angethubutu kusema ni yeye?

Kimya kilipozidi, balozi akamgeukia Liwali, nyusi zimepanda. Liwali, aliyekuwa mwepesi wa kujitoa penye aibu, akatabasamu.

"Mwambie," akamwambia mkalimani, "aliyeijenga ni mtu wangu. Na leo, kwa heshima ya mgeni wangu, namwacha huru. Hati itasomwa mbele yake baada ya kahawa."

Mkalimani akafasiri. Maofisa wakapiga makofi. Balozi akamshika Liwali mkono kwa mikono yake miwili.

Karani Nurdini akasogea, akanong'ona. "Bwana, niandike jina la nani?"

"La aliyeijenga."

"Walioijenga ni wengi, Bwana."

"Umenisikia nikisema walio?" Liwali alikuwa bado anatabasamu kuwaelekea wageni. "Balozi amesikia mmoja. Nikimtolea kundi, nitaonekana nilimdanganya. Wachukue wale vinara watatu, wakae mahali, watoe jina. Watakaobaki ni watumishi wa nyumba hii. Nimempa balozi nyumba pamoja na watu wake, kwa muda wote bendera yake itakapokuwa juu."

"Na wakikosa kuafikiana?"

"Nitasema aliyeijenga amekufa kwa homa. Nani atauliza?"

Ndipo Uledi, Songoro na Zafarani wakaingizwa kwenye ghala chini ya ngazi, na mlango ukafungwa. Kitasa kikalia mara mbili.

Ghala lilikuwa na magunia matano ya mchele, joto, na harufu ya chokaa ambayo haijakauka. Palikuwa na tundu moja la hewa karibu na dari, pana kama kiganja, na kupitia tundu hilo sauti za sebuleni zilikuja wazi kabisa: vikombe, vicheko, kiti kikivutwa.

Zafarani alisukuma mlango kwa bega. Haukutikisika.

"Utaumia bure, dada," Songoro akasema. "Mlango huo nimeutengeneza mimi."

"Basi ufungue."

"Komeo la ndani halipo. Nilimuuliza yule ofisa, nyumba zetu zote komeo liko ndani, hapa niliweke wapi? Akanicheka. Akaniambia ghala linafungwa kwa nje, kwani magunia yatajifungia?" Akaketi juu ya gunia. "Haya. Sasa magunia ni sisi."

Mzee Uledi alikuwa amekwisha kukaa chini, mgongo ameuegemeza ukutani, jicho lake la kushoto limefunikwa kitambaa. "Ukuta wenyewe usijaribu," akasema. "Huo ni dhiraa moja na nusu. Nilikusudia udumu."

"Ahsante sana, mzee," Songoro akasema. "Umetuzika vizuri."

Zafarani hakucheka. Aliketi katikati yao. Juu ya vichwa vyao, ng'ambo ya dari, ilikuwa sakafu yake.

"Tuseme basi," akasema. "Kahawa haikai moto siku nzima."

Uledi ndiye aliyeanza, na hakuzunguka.

"Mimi naitaka hati. Nisiwafiche. Mnajua chokaa hukaa shimoni miezi kadhaa mpaka ipoe ukali wake. Tulipewa siku arobaini, nikaitumia mbichi. Nilijua itaruka. Ningeweza kumtuma kijana yeyote aikoroge, na angeikoroga kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Nikaikoroga mwenyewe. Jicho hili likaenda. Na hili jingine, wanangu, nawaona nyote wawili kama mlio ndani ya maziwa. Nguzo nne za sebule, zile zilizogawa dhiraa kumi na mbili zikawa sita na sita, nilizisimamisha kwa kuzipapasa. Bila nguzo zile, kuna sebule?"

"Hakuna," Zafarani akasema.

"Sitaki mengi. Nataka nikifa, anioshe mtu kwa hiari yake, asiwe ametumwa."

Sebuleni mkalimani alikuwa akifasiri hotuba: balozi alisema kwamba mbele ya Mungu binadamu wote walizaliwa bila minyororo. Wazee wa Liwali wakaitikia kwa adabu.

"Mwenzetu anasema vizuri," Songoro akanong'ona. "Tatizo tuko chini ya ngazi." Kisha akawa si mtu wa mzaha tena. "Mimi nilirudi. Neno langu ni hilo tu. Niliondoka hapa kwenda mikokoni kukata boriti, na mlinzi mmoja. Siku ya pili mlinzi akashikwa na homa, akawa hajitambui. Nilikuwa na mashua. Nilikuwa na shoka, na unga wa siku nne. Hakuna mtu duniani aliyejua niko wapi. Nilikaa juu ya boriti mia tatu nikatazama upande ule, nikatazama na upande huu. Nikafikiri, nisipofika, siku zitazidi, na kila siku mmoja wenu anavuka kwenda ng'ambo. Nikazifunga boriti nikazileta, na yule mlinzi nikamleta juu yake akiwa hai. Hati mnayogombea leo mimi niliishika mkononi. Nikaiweka chini kwa ajili yenu. Bila boriti zile, kuna dari?"

"Hakuna," Uledi akasema.

"Basi mnipe kilichokuwa changu tayari."

Zafarani alihisi zamu yake imefika, akatamani isifike. Alikuwa akiitazama mikono yake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, yakajaa chokaa, yakaziba.

"Siku ya pili ya kupiga sakafu," akasema, "Liwali alisafisha mji. Hakutaka balozi aone mabinti wa kuuzwa wamezagaa uani. Aliwapakia kwenye mashua asubuhi, maji yalipojaa. Mimi nilikuwa juu. Kutoka juu ya nyumba hii unaona bandari yote, ndiyo sababu wameichagua. Nikamwona Kibibi."

Uledi akainamisha kichwa. Kibibi alikuwa binti wa Zafarani, miaka kumi na minne, na sauti yake ilikuwa imeanza kufanana na ya mama yake.

"Kutoka juu mpaka bandarini ni kushuka ngazi na kukimbia kidogo. Ningefika nikamshika mkono. Hata kama nisingemrudisha, ningemshika mkono. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga, na mapigo yalikuwa kwangu. Ningenyamaza, pangekuwa na mshono, mvua ingeingia, tungepasua yote tukaanza upya, siku zingezidi, na mabinti wa wenzangu nao wangefuata. Wanawake ishirini na tisa walikuwa wakinitazama mdomo. Nikaendelea kuimba. Mashua ikatoka, nami naimba. Alinisikia, najua alinisikia, sauti yangu inafika. Sijui alifikiri nini."

"Dada," Songoro akasema.

"Mtumwa havuki maji bila ruhusa. Mtu huru anapanda mashua akaenda anakotaka, akauliza shamba hadi shamba. Bila sakafu ile, mvua ya juzi ingeacha nini humu?"

Wote watatu walikuwa wameisikia ile mvua.

Ndipo Songoro akasimama, akaugonga mlango kwa ngumi mbili. Sebuleni mazungumzo yakakatika. Wakasikia balozi akiuliza jambo.

"Ni mbao mpya, Bwana," mkalimani akamjibu kwa Kiingereza, kisha akawafasiria wazee wa Liwali kwa Kiswahili, nao wakacheka. "Nimemwambia mbao mpya hulia zikiwa zinatulia."

Ngumi za Songoro zikabaki hewani.

Kitasa kikalia. Karani Nurdini akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake, askari wawili wamebaki nje. Mkononi alikuwa na hati imeandikwa yote isipokuwa nafasi ndogo, na kalamu.

"Wanamimina kahawa ya mwisho," akasema. "Nipeni jina."

Zafarani alisimama. Jambo hili alikuwa amelifikiria tangu mlango ulipofungwa.

"Bwana karani, hebu nisomee palipoandikwa kazi yetu."

"'Namwacha huru aliyeijenga nyumba ya balozi.'"

"Herufi mbili tatu. Andika 'nawaacha huru walioijenga.' Mgeni hasomi maandishi yetu."

"Mkalimani anasoma. Na Liwali anasoma kuliko sisi sote."

"Basi iache kama ilivyo, ila tusomeane vizuri. Nyie watu wa nyumba ya Liwali mkimtaja mnasemaje? Mnasema 'wamelala', 'wamekula', 'wametoka.' Naye ni mmoja. Kama mmoja anaweza kutajwa kama wengi, kwa nini wengi tusitajwe kama mmoja? Aliyeijenga ni sisi."

Songoro akapiga paja. "Mjibu hapo!"

Karani alimtazama Zafarani kwa muda mrefu, na kwa haki tuseme uso wake ulionyesha kwamba ameiona hoja. "Ule ni wingi wa heshima," akasema taratibu. "Heshima humzidisha mkubwa. Sijasikia ikimzidisha mtumwa."

"Hujasikia, au haijaandikwa?"

"Bi Zafarani, kalamu ni yangu lakini wino ni wake. Nikiandika majina matatu, ataichana. Nikirudi bila jina, atasema mjenzi amekufa, na baada ya hapo nyinyi ni maiti mnaotembea. Mmeshawahi kuona mtumwa aliyekwisha kutangazwa amekufa akaachwa aonekane? Nikirudi na jina moja, mmoja atatoka kwa mlango wa mbele leo hii, na hakuna wa kumrudisha. Sikuyapanga mimi."

"Hakuna aliyeyapanga," Zafarani akasema. "Nchi hii kila jambo limepangwa na mtu ambaye hayupo."

Uledi akajikongoja akainuka, akishika ukuta wake. "Mimi nikijitaja, Songoro atanichukia. Songoro akijitaja, nitamchukia mimi. Tukae hivi mpaka kahawa iishe? Zafarani aseme. Siku arobaini yeye ndiye aliyetupa mapigo. Jina atakalotaja, mimi nimeridhia."

"Hata likiwa lake?" karani akauliza.

Mzee alichelewa kujibu. Alichelewa kidogo tu, lakini Zafarani aliona.

"Hata likiwa lake."

Songoro alikuwa akiutazama mlango, ule mlango wake mzuri, usio na ufa hata wa kupitisha unyasi. "Aseme," akasema. "Ila asinitazame akiwa anasema."

Zafarani akabaki amesimama kati ya wanaume wawili waliomwachia jambo ambalo wao limewashinda, kisha wakaliita heshima. Alimwona Uledi akioshwa na mtu aliyetumwa. Alimwona Songoro amekaa juu ya boriti mia tatu, uso umeelekea huku. Alimwona Kibibi ndani ya mashua, ameinua uso kuelekea kwenye sauti. Akawaza pia kupaza sauti yake sasa hivi, ile inayofika bandarini, aitoe kupitia tundu la hewa ili balozi asikie kwamba mbao za nyumba yake zina majina. Lakini kati ya sauti yake na sikio la balozi alikuwapo mkalimani, na mkalimani alikuwa amekwisha kuonyesha anafasiri nini.

Huko sebuleni viti vikaanza kusogezwa.

Karani akaichovya kalamu, akaiinamisha juu ya ile nafasi ndogo.

"Jina?"

Zafarani akafungua mdomo.

Hapo nawaachia, maana hapo ndipo hata wao waliachiwa. Msiniambie jicho ni kubwa kuliko safari ya kurudi, halafu mkakaa kimya. Nipimieni na ule wimbo ulioimbwa mashua ikiondoka. Msiniambie mzee apishwe, au mama apishwe, kana kwamba Songoro hakuacha kitu mikokoni. Anayeona Zafarani hana haki ya kujitaja, aseme kwa nini wale wawili walikuwa nayo. Anayeona angenyamaza, akumbuke kwamba kimya nacho kilikuwa kimeandaliwa adhabu, na kingewabeba wote watatu. Na anayetaka kunijibu "wote," nafurahi kukutana naye, lakini hilo Zafarani alikwisha kulisema, na mlisikia alivyojibiwa.

Kalamu ingekuwa inasubiri mdomo wako, ungemtoa yupi kwa mlango wa mbele, na wale wawili ungewatazamaje?

Wino unakauka. Tafadhali, nitajie jina moja.